Tumbo la Fungate

Benchi letu lilikuwa taruma la reli, gogo zito lililolala chini ya treni kati ya Tanga na Muheza mpaka likachakaa, kisha likaletwa Ngamiani, pembeni ya Barabara ya Nane, likapandishwa juu ya mawe. Aliyelileta ni Hatibu, na mpaka leo sijui kama relwe walimpa au waliacha tu kuliulizia. Harufu ya mafuta ya mashine haikulitoka miaka yote ile. Ukikaa na kanzu nyeupe uliinuka na mstari mweusi nyuma, na kwa mstari huo wake wa watu walijua waume zao walikuwa wapi. Mbele ya benchi, Makame aliweka jiko lake la makaa na birika la kahawa ya tangawizi. Kushoto palikuwa na msikiti, kulia nyumba ya Hatibu, na kati ya nyumba ya Hatibu na ya jirani yake kulikuwa na kichochoro cha upana wa mbuzi mmoja. Nasema mbuzi kwa sababu mbuzi yumo katika habari hii. Ilikuwa miaka ya hamsini, mkonge una bei na kila mtu ana redio ya jirani, na watu walikuwa na nafasi ya kujua kila kitu. Jumapili ile, jambo lililotakiwa kujuliwa lilikuwa tumbo.

Hatibu alifika asubuhi, akatoa salamu, akakaa ncha ya benchi, akaacha kahawa yake ipoe. Alikuwa mtu wa breki za mabehewa, na jina la Breki lilikuwa limemganda kama masizi. Kwa mtu wa namna yake, kuacha kahawa ipoe ilikuwa sawa na kupiga mayowe.

— Breki, nani kafariki? akauliza Bama.

Bama alikuwa askari wakati wa vita vya Mjapani. Alipelekwa Burma, au alisema alipelekwa, na kila jambo lililotokea Tanga lilikuwa limeshatokea kule kwa ukubwa zaidi.

— Hajafa mtu, akasema Hatibu. Ni mkwe wangu.

— Kafanya nini?

— Hali chakula.

Tukaweka vikombe chini. Mkwe mwenyewe, Miraji, kijana wa Kibondei kutoka Muheza, alikuwa amemwoa Mastura binti Hatibu, na alikuwa ndani ya nyumba ya wakwe akikamilisha fungate. Kwa desturi yetu bwana harusi hakanyagi barabara mpaka siku zake saba ziishe. Kazi yake ni kukaa ndani, kulishwa na kunenepa. Asipokula, amekataa kazi.

— Jana mchana sinia limerudi, akasema Hatibu. Jana usiku limerudi. Leo asubuhi mke wangu Mwanamkasi kampelekea mkate wa kumimina na maini ya kukaanga. Vimerudi na alama ya kidole kimoja.

— Kidole kimoja, akasema Nusu Juzuu, akatikisa kichwa. Kaonja, kaogopa.

Nusu Juzuu ndiye jirani wa Hatibu, ng'ambo ya kile kichochoro. Alikuwa amehifadhi nusu ya juzuu moja vizuri sana, pamoja na methali zote za Waswahili, ila hakuwahi kuikutanisha methali na mahali pake.

— Mwenyewe anasemaje? akauliza Makame.

— Mwenyewe kamwambia Mastura, tumbo. Mastura kamwambia Bi Chiku, tumbo. Bi Chiku kamwambia mke wangu, tumbo. Mke wangu kaniambia mimi.

— Tumbo.

— Tumbo.

— Tumbo lina nini?

— Sasa Makame, mimi baba wa mtoto nikaulize tumbo la mkwe lina nini?

Tuliona wote kwamba hilo haliwezekani. Tumbo ni neno la heshima. Yanayofuata baada yake ndiyo hayana heshima, na katika nyumba yenye harusi hakuna wa kuyasema.

— Fungate inaisha kesho, akaendelea Hatibu. Watu wake wanakuja kumtoa nje. Shangazi yake anakuja.

— Yule wa machungwa?

— Yule wa machungwa. Siku ya mahari alinitazama kama ananibonyeza kuona nimeiva. Akaniambia, "Nawaachia kijana mzima, nitamfuata mzima." Akimkuta kakauka atasema Tanga wamemroga, au mkono wa mke wangu una kitu. Atampakia kwenye basi arudi naye Muheza. Na mwanangu je? Leo alfajiri nimemsikia analia nyuma ya pazia. Anadhani mume hamtaki, ndiyo maana hali chakula cha kwao.

Akashusha sauti:

— Miaka yote nakaa hapa nawasikia mnajua kila kitu. Leo nipeni dawa.

Benchi lilikuwa halijawahi kuombwa kitu. Tulizoea kutoa bila kuombwa. Kwa hiyo tukawa kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta kitu alichosema anacho. Aliyekipata kwanza ni Tadeo.

Tadeo alikuwa ametoka Misa, na koti lake la Jumapili bado limefungwa vifungo vyote. Tulimwita Dakta. Aliwahi kufagia zahanati ya shamba la mkonge, na kufagia, alisema, ndiko kujua hasa. Daktari humwona mgonjwa mmoja mmoja, mfagiaji huona matokeo ya wote.

— Kafunga choo, akasema. Liko wazi. Mtu anakula, anakaa. Anakula, analala. Hatembei. Mashine isiyotembea inaziba. Breki, wewe mtu wa relwe, unanielewa.

— Nakuelewa.

— Haluli. Ile chumvi ya kuendesha. Ninayo nyumbani kwenye kopo. Vijiko viwili kwa maji ya uvuguvugu, na asikae mbali na mlango.

— Uongo, akasema Bama. Anaharisha.

— Umejuaje?

— Mtu aliyefunga choo hula. Nafasi hana, lakini hula. Anayekataa chakula ni yule anayejua hakitakaa. Kule Burma kikosi kizima tuliharisha, mpaka Wajapani wakatuhurumia wakahamisha vita.

— Wakahamisha vita wapi?

— Bonde la pili. Walisema watatungoja.

— Na nyinyi mkapona kwa nini?

— Maganda ya komamanga. Unayachemsha mpaka maji yawe meusi, halafu unatia mkaa wa kusaga. Tumbo likishika mkaa halina habari na mtu tena. Nikupe siri, Breki. Mimi nilikunywa mwaka wa arobaini na nne, na bado nausikia.

— Utamziba kabisa, akasema Tadeo. Ukimpa hayo, atakayemfungua ni bomba peke yake.

— Bomba gani?

— La hospitali. Maji ya sabuni ndani ya ndoo, ndoo inatundikwa juu, mpira unashuka, na ule mpira sasa ncha yake...

— Tadeo, akasema Hatibu. Tuko mbele ya msikiti.

Tadeo akafungua kifungo kimoja cha koti.

— Mnatafuta chini, jambo liko juu, akasema Nusu Juzuu. Hili ni jicho. Kijana kaingia Tanga na kanzu ya darizi, watu wamemtazama. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Kanzu si nguo? Mimi nitamwandikia kombe. Sahani nyeupe, zafarani, maneno matukufu, nafuta kwa maji ya waridi, anakunywa.

— Utaandika nini, akauliza Bama, na wewe una nusu juzuu?

— Nitaandika hiyo nusu. Tumbo nalo si mwili mzima.

Nikiri kwamba jibu hilo lilinishinda, na halijaacha kunishinda.

Makame alikuwa akipuliza makaa. Alikuwa Mpemba, na watu walipenda kungoja Mpemba aseme nini kuhusu ugonjwa, kama watu wanavyongoja mvua kutoka upande fulani.

— Kwetu hilo lina jina, akasema. Chango.

— Chango la kiume?

— La kiume. Kila mwanamume analo lake, limejikunja chini ya kitovu, limelala. Akioa, chango linaamka usiku linasikia pumzi mbili chumbani. Linaona wivu. Linamkamata mwenyewe hapa, likamkataza kula. Halitaki kufungwa wala kufunguliwa. Linataka kubembelezwa kwa kitu kichungu cha moto.

— Kitu gani?

— Kahawa.

— Yako hii?

— Mungu kanijalia niliyo nayo.

Hapo kila mmoja akaona amepitwa, na dawa zikaacha kuwa dawa. Bama alisema ni barafu. Kijana alikunywa sharubati yenye barafu siku ya harusi, na barafu ikiingia katika tumbo la mtu wa shamba haiyeyuki, inakaa kama mgeni aliyepata mkeka. Tadeo alisema siyo barafu, ni mbegu.

— Mbegu gani?

— Ya chungwa. Kila mtoto wa Muheza kameza mbegu. Zinakaa tu. Sasa mwezi huu mvua imenyesha.

— Unasema mchungwa umeota ndani ya mkwe wangu?

— Sisemi mti. Nasema mche. Ukiwa mche unatekenya, ukikua unaziba.

— Na ukizaa?

— Ukizaa, shangazi atachuma.

Hatibu hakucheka. Alikuwa akitazama mlango wa nyumba yake, na kutoka ndani, kupita ukumbini mpaka barazani, ilikuja sauti ya mafuta yakikaanga kitu kingine tena kwa ajili ya mtu asiyekula.

Mlango ukafunguka akatoka Bi Chiku, kungwi wa Mastura, mwanamke mkubwa wa sauti na wa kanga.

— Shikamoo Bi Chiku, tukasema wote.

— Marahaba. Mmemaliza kikao? Ndani naulizwa dawa.

Hatibu akatutazama mmoja mmoja. Alikuwa mtu wa haki. Kuchukua dawa ya huyu na kuiacha ya yule kungezaa maneno, na maneno ya benchini hayana dawa. Ukikataa kombe la jirani umemdharau, ukikataa haluli ya rafiki umemwita mfagiaji. Na Makame je, anayekukopesha kahawa?

— Peleka zote, akasema.

— Zote?

— Kila mtu alete yake.

Wakatawanyika, na kabla ya adhuhuri wakarudi. Bi Chiku akapewa bakuli la haluli, bakuli la komamanga na mkaa, chupa ya kombe, na kikombe cha kahawa chungu. Akavipanga kwenye sinia akavitazama.

— Hii ya kufungua, akasema, na hii ya kufunga. Anywe zote mbili?

— Zitakutana huko huko, akasema Hatibu. Zitaelewana.

— Fahali wawili hawakai zizi moja, akasema Nusu Juzuu.

— Sasa wewe unakubali au unakataa?

— Mimi nimesema tu.

Bi Chiku aliingia, na baada ya muda akatoka na vyombo vitupu.

— Mtoto ana adabu yule, akasema. Kila bakuli kasema, "Ahsante bibi, Mungu awalipe wazee." Kaomba nifunge mlango anywe peke yake, anaona haya kukunja uso mbele yangu. Angalieni. Hata tone.

Akarudi zake jikoni. Hatibu akanywa kahawa yake kwa mara ya kwanza siku ile, akaomba ya pili. Tukaenda kuswali, Tadeo akatulindia benchi, na tuliporudi tulikuwa watu wenye kuridhika. Kila mmoja alijua kijana atapona, na kila mmoja alijua kwa dawa ya nani.

Ndipo mbuzi alipotoka kichochoroni.

Alikuwa beberu wa Nusu Juzuu, jina lake Sadaka, akinoneshwa kwa ajili ya Idi. Alikuja mbio, akasimama ghafla katikati ya barabara, akatazama mbele, akatazama nyuma, kama mtu aliyetumwa dukani akasahau kitu. Akapiga hatua moja. Akafikiri. Akairudisha. Ndevu zake zilikuwa za manjano na midomo yake myeusi.

— Huyu vipi? akauliza Bama.

— Jicho, akasema Nusu Juzuu. Si nilisema? Limetoka kwa kijana limeingia kwa mbuzi wangu.

— Chango, akasema Makame. Limehama. Nilisikia habari kama hii Wete.

— Basi linaambukiza, akasema Hatibu. Mtaa mzima.

Tadeo alimtazama mbuzi kwa makini, na yeye ambaye aliyajua matokeo akapandisha miguu yote miwili juu ya benchi. Alikuwa na haki. Sitaeleza zaidi, ila mwenye duka la ng'ambo alifunga milango, na siku ile haikuwa siku ya kufunga.

Tulikuwa bado tunamtazama Sadaka tuliposikia sauti nyuma yetu.

— Asalamu alaikum. Shikamooni, wazee wangu.

Alikuwa bwana harusi. Nje. Mchana. Fungate haijaisha. Kijana mrefu mwembamba, kanzu ya darizi, kofia ya vito, amesimama kwa namna ya mtu ambaye hawezi kusimama na hathubutu kukimbia.

— Marahaba, akasema Hatibu, na kahawa ikammwagikia. Miraji, mwanangu. Umetoka.

— Nimetoka, baba. Unisamehe. Nina swali moja tu. Choo cha msikiti kinafungwa, au kiko wazi?

Nadhani hakuna aliyekuwa tayari kwa swali lenye jibu. Mwishowe Makame akanyoosha koleo lake la makaa.

— Kiko wazi. Nyuma ya kisima.

— Ahsante sana.

Akaenda. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, uso umefunguka, mabega yameshuka, na macho yake yalitazama barabara kama kitu kizuri.

— Haluli, akasema Tadeo taratibu.

— Komamanga, akasema Bama.

— Wazee wangu, nisameheni, akasema Miraji. Dawa sikunywa. Mimi siumwi. Nilizimwaga dirishani.

— Dirisha lipi? akauliza Nusu Juzuu.

— La kichochoroni. Kuna karai pale chini.

Tukageuka wote tukamtazama mbuzi. Sadaka naye akatutazama.

— Kama huumwi, akasema Hatibu polepole, tumbo lilikuwa la nini?

Miraji akainamisha kichwa.

— Baba, choo cha nyumba kiko mwisho wa ua, na njia yake ni moja. Siku za mwanzo nilingoja watu walale. Lakini tangu juzi usiku mama halali. Ameweka jiko lake pale pale mlangoni pa choo, anakaanga vya kesho. Na sisi kwetu mama mkwe hapitwi mbele. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite. Sasa mimi nimpite na kopo la maji mkononi? Kwetu mtu akifanya hivyo anahama kijiji.

— Ungemwambia Mastura.

— Nimwambie, "Mama yako kaniziba njia"? Nikasema tumbo. Si uongo, baba. Lilikuwa ni tumbo.

— Ndiyo maana hukula.

— Ningekula kingetaka kutoka.

— Na kila ulivyoacha kula, akasema Hatibu, ndivyo alivyozidi kukupikia.

— Ndivyo alivyozidi kukaa.

Nusu Juzuu, ambaye moyo wake ulikuwa kwa mbuzi, akasema bila kufikiri:

— Penye nia pana njia.

— Nia ipo, sheikh wangu, akasema Miraji. Njiani kakaa mama.

Akaomba ruhusa arudi kabla hajaonekana. Mlangoni akageuka.

— Lakini baba, usiku wa leo je? Na kesho shangazi atataka anione nikila.

Akaingia. Hatibu akabaki ameshika kikombe kitupu.

— Mwambie mkeo ahamishe jiko, akasema Tadeo.

— Ataniuliza kwa nini. Nikimwambia kwamba alikaa kati ya mkwe na choo, Mwanamkasi atajifungia chumbani mpaka Ramadhani. Na karamu ya kesho apike nani?

— Basi Bi Chiku amwambie.

— Bi Chiku akijua, Pongwe watajua kabla ya magharibi.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Bama akashauri moshi, kwa kuwa Burma waliwahi kuhamisha jenerali kwa moshi. Hatibu hakumsikia. Alikuwa akifikiri, na kwa mtu wa breki kufikiri ni kama treni kusimama, inachukua mwendo mrefu.

— Nikiumwa mimi, akasema mwishowe, Mwanamkasi hukaa wapi?

Nilikumbuka mwaka alipoangukiwa na chuma mguuni, nikamjibu mimi:

— Kichwani pako, ukumbini. Hata jiko alilihamishia barazani ili asikuache.

— Hakuniacha.

— Hata kidogo.

Hatibu akavuta pumzi.

— Tadeo, haluli imebaki?

— Imebaki. Lakini Breki, si ujifanye tu?

— Yule mwanamke kanijua tangu tukiwa vijana. Nikijifanya, ataniacha hapo na uongo wangu arudi jikoni. Lazima niumwe kweli.

— Ngoja, akasema Makame. Ukinywa haluli, choo utakikalia wewe usiku kucha. Kijana atapita wapi?

Lilikuwa jambo la akili na lilitupata bila matayarisho. Kisha, polepole, macho yote yakaenda kwa Bama. Sikuwahi kumwona askari akipokea nishani, lakini nadhani uso wake ulikuwa hivyo.

— Yamebaki maganda, akasema. Na mkaa upo.

Makame akayachemsha palepale kwenye jiko la kahawa, mpaka maji yakawa meusi. Bama akasaga mkaa kwa chini ya kikombe. Hatibu alisema bismillahi, akanywa mpaka mwisho bila kukunja uso, akajifuta midomo na mkono wake ukawa mweusi.

— Mwambieni Mastura, akasema, kama nikifa, mumewe anampenda.

— Huwezi kufa kwa hayo, akasema Bama. Unaweza tu kutamani.

Akaondoka akitembea wima. Kabla jua halijatua tulimsikia Mwanamkasi akilia kwamba nyumba yake ina nini, kwanza mkwe na sasa mume. Kisha jiko likatoka uani, likapita ukumbini, likawekwa barazani, kizingitini kichwani pa mgonjwa, na usiku ule alikaanga palepale, mkono mmoja kwenye mwiko na mmoja kwenye paji la uso la mumewe. Uani kukawa giza na kukawa tulivu. Wanaolala upande ule walisema walisikia mlango mmoja wa mbao ukifunguka bila woga.

Kesho yake alasiri ngoma ilipigwa na Miraji akatolewa nje. Tuliokuwa benchini tuliarifiwa kwamba alikuwa amekula sinia zima mbele ya shangazi yake, akaomba kuongezwa, na nyuma ya pazia Mastura alicheka mpaka Bi Chiku akamfinya. Tulikuwa tunanywa kwa furaha, ingawa nafasi ya Hatibu ilikuwa wazi, na Sadaka alikuwa amelala kivulini akimtazama kila mmoja wetu kwa zamu.

Shangazi mwenyewe akatoka barazani akaja moja kwa moja kwenye benchi. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye kikapu cha machungwa kichwani asichokishika.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo. Shikamoo, bibi.

— Marahaba. Kijana nimemkuta mzima. Kanenepa, anang'aa. Nimeridhika, na mama mkwe wake nimemwambia hivyo hivyo.

— Alhamdulillahi.

— Lakini huyu baba wa bi harusi, kalala ukumbini kama gogo, midomo myeusi, ameshika kitovu. Mkewe namuuliza, anainama. Kungwi namuuliza, ananiambia tumbo. Nyinyi ni rafiki zake. Anaumwa nini?

— Tumbo, akasema Makame.

— Tumbo nimeshasikia. Anaharisha au kafunga choo?

Bama akatazama ndani ya kikombe chake. Tadeo akafunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefungwa. Nusu Juzuu akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaufunga bila methali. Kule kivulini mbuzi aliinua kichwa, kama na yeye anangoja jibu.

Makame akainamisha birika juu ya kikombe. Likatoa mashapo, kisha likatoa hewa.

— Kahawa imekwisha, bibi, akasema, na kwa ile sauti yake ungedhani kajibu.